Mama Abby na Neno Ambalo Mheshimiwa Alishindwa Kulisema

Wachuka, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Abby, hakuwa mtu wa siasa. Alizaliwa huku juu Molo kwenye baridi, akaolewa na Jamleck hapa hapa, na mpaka binti yake Abby alipoenda kufanya kazi Nakuru mjini, chama cha pekee alichokijua ni kile cha akina mama wa viazi. Hicho alikianzisha yeye mwenyewe.

Wageni hawajui jinsi viazi vilivyokuwa vikiuzwa hapa zamani. Kila mtu alisimama kando ya barabara na magunia yake kwenye matope. Mvua ikinyesha, viazi vinaloa. Dalali anafika na lori, anashuka, anasukuma gunia kwa kiatu, anasema hii mali imeanza kuoza, kisha anataja bei ya kukutukana. Ukikataa, anasonga kwa jirani yako, na jirani yako ana karo ya kulipa. Mama Abby alichoka. Akakusanya akina mama, wakachanga mbao na mabati, wakajenga banda zuri lenye sakafu ya mawe na mizani yao wenyewe. Kuanzia hapo dalali alikuta wanawake wameketi pamoja mahali pakavu, bei yao ni moja, na hakuna wa kusukumiwa gunia lake kwa kiatu.

Diwani wetu siku hizo alikuwa Njuguna, wa chama cha Ngazi. Njuguna ni mtu mrefu, ana sauti nzuri, na hajawahi kukosa matanga ambayo yana kipaza sauti. Siku moja alikuwa akipokea wakubwa wa chama chake, akatuma ujumbe kwamba akina mama wa banda waje wote, wavae kofia za Ngazi, waketi mbele wapige vigelegele. Siku hiyo hiyo mama mkwe wa Mugure, mmoja wa wanachama, alikuwa anazikwa. Akina mama wakaenda mazishini. Viti vya mbele kwa Njuguna vikabaki vitupu, na wakubwa wake wakaviona.

Haikupita muda tingatinga likaja asubuhi. Tuliambiwa banda limejengwa kwenye ardhi ya barabara. Labda ni kweli, sijui, sikuona ramani. Nilichoona ni kwamba baa ya binamu yake Njuguna, iliyokuwa karibu na lami kuliko banda, haikupoteza hata bati moja. Njuguna mwenyewe alikuwa ameegesha gari ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa nusu, akitazama. Sote tulimwona. Mama Abby alisimama karibu sana na lile tingatinga mpaka Jamleck akaja kumvuta mkono.

Dereva aliyeliendesha aliitwa Jonah, mtu wa kutoka upande wa Olenguruone. Jumapili iliyofuata, watu walipokuwa wakitoka kanisani, alikuja hadi langoni kwa Mama Abby, akavua kofia.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyelibomoa lile banda lenu. Nilitumwa, lakini ni mimi niliyeendesha. Nimekuja kuomba msamaha."

Mama Abby alifungua lango. Kisha akamwambia aingie anywe chai. Baada ya chai Jonah alienda kule kwenye vifusi, akavua koti, akashinda jioni yote aking'oa misumari kwenye mbao ili zile nzima zisipotee. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemsema vibaya hapa kwetu. Akina mama hata walimtafutia mchumba, ingawa yule msichana alikataa.

Aliyewapa akina mama mahali pa kuuzia ni Kang'ethe, mwenye duka la dawa za mifugo. Aliwafungulia baraza la duka lake, na uchaguzi ulipofika akasimama kugombea udiwani kwa chama kidogo ambacho wengi tulikuwa hatujakisikia. Alama yake ilikuwa birika. Mama Abby ndiye aliyekitembeza chama hicho kijiji kwa kijiji, kwa miguu, na gamubuti zake za matope. Akifika mahali alikuwa akipaza sauti, "Birika!" na watu wakajibu, "Moto!" Sauti yake ni ya kwaya, inasikika mpaka bondeni.

Njuguna alipanda jukwaani akacheka. "Birika ni kitu cha jikoni," akasema. "Hao akina mama waambieni warudi nyumbani wakachemshe chai." Vijana wake waliipenda sana hiyo. Waliigeuza wimbo. Mama Abby akipita sokoni walimwimbia, "Mathe, chai iko tayari?" Alikuwa mwanamke mzima, shemasi kanisani, na watoto wa majirani zake wakimwimbia hivyo. Kang'ethe alishindwa kidogo tu. Njuguna akarudi kitini.

Basi miaka ikaenda, na ikaja siku ya Ngazi kuchagua nani atabeba bendera yao tena. Wakamwacha Njuguna nje. Walimchukua kijana mmoja, Levis, mwenye pesa za mbao na suruali za kubana. Njuguna alilia kwenye redio kwamba ameibiwa, kwamba demokrasia imekufa Molo. Huyu huyu. Kisha, kabla hata machozi hayajakauka, akatangaza kwamba baada ya kushauriana na wazee, vijana na Mwenyezi Mungu, ameamua kumuunga mkono ndugu yake Kang'ethe wa Birika. Ndugu yake! Mtu ambaye alikuwa amemwita muuza dawa za minyoo mbele ya halaiki.

Ofisi ya Birika ya Nakuru ilifurahi kama imeokota mtoto mchanga. Walimtuma katibu wao, mwanamke anayeitwa Truphosa, aje kupanga mapokezi. Kamati ya wadi ikakutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la Kang'ethe, katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyeleta viti.

Truphosa alieleza kwa upole, kama mwalimu wa chekechea. Siasa ni hesabu. Chama kinachokua ni chama kinachofungua mlango. Mheshimiwa Njuguna ni mtu mwenye watu wake, na watu hao sasa wanakuja kwetu.

"Watu gani?" akauliza Mama Abby.

"Wale waliompigia kura, Mama."

"Hao walipigia Ngazi. Upande huu, mara ile, hata ungesimamisha mbuzi kwa tiketi ya Ngazi angepita. Kama Njuguna ana watu wake, mbona juzi Ngazi walipopiga kura ya mchujo hawakuonekana?"

Truphosa akatazama simu yake. Kang'ethe ndiye aliyejibu, na lazima niseme alijibu kama mtu mwenye moyo safi.

"Mama Abby, mara ile nilishindwa kwa kura chache. Nimekaa na hizo kura kichwani miaka hii yote. Nikimkataa huyu mtu kwa sababu ya hasira, halafu nishindwe tena, nitawaambia nini ninyi mliozunguka kwenye matope kwa ajili yangu?"

"Mimi sijasema asije," akasema Mama Abby. "Jonah si alikuja? Jonah ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na leo yuko hapa na sisi, tunakunywa naye chai. Lakini alifika akasema, ni mimi niliyelibomoa. Njuguna naye aseme hivyo. Aseme mbele ya wale akina mama aliowabomolea. Akishasema, mimi mwenyewe nitamvisha kofia."

"Mama, chama si kanisa," Truphosa akasema.

"Ndiyo maana nataka kwake neno moja tu. Kanisani angekuwa na mengi zaidi ya kusema."

Watu walicheka, hata Kang'ethe. Wakakubaliana hivyo: Njuguna ataliungama lile jambo la banda kwenye mkutano wa hadhara, na Mama Abby atamvisha kofia ya Birika. Kang'ethe akamwomba Njuguna kwanza aende kumwona mama huyu nyumbani, wazungumze kama watu wazima.

Njuguna alikuja na magari mawili. Kwa nini mtu mmoja anayekuja kuomba radhi anahitaji magari mawili, mimi sielewi. Alileta zawadi kwenye boksi lenye utepe, na Mama Abby alipofungua akakuta birika jipya linalong'aa. Njuguna alicheka sana. Alidhani huo ni utani wa kuchangamsha mazungumzo. Mtu aliyewaambia wanawake wakachemshe chai alikuwa amewaletea cha kuchemshia.

Mama Abby alilirudisha kwenye boksi. Akampa mgeni chai kutoka kwenye sufuria, kama kawaida yake.

"Mama Abby," Njuguna akaanza, "ya jana tuyaache jana. Siasa ni kama mpira. Leo mchezaji yuko timu hii, kesho yuko ile. Hakuna chuki."

"Karibu chai, mheshimiwa. Tulikuwa tunataka kusikia habari ya banda."

"Ah, lile banda. Kwa kweli lilibomoka wakati mbaya."

Jamleck ni mtu asiyezungumza. Anaweza kukaa msibani siku nzima asiseme kitu. Lakini hapo aliweka kikombe chini. "Lilibomoka? Lenyewe? Ulikuwa upepo?"

"Namaanisha, mzee, lilibomolewa."

"Na nani?" akauliza Mama Abby.

"Na kaunti."

"Kaunti ni nani? Ana mama yake?"

"Mama, unajua kuna watu wa barabara, kuna sheria, kuna maagizo yanatoka juu..."

"Ulikuwa kwenye gari ng'ambo ya barabara. Tulikuona. Mheshimiwa, sikuombi mabati. Sikuombi mbao. Sema tu, nililibomoa. Jonah alilisema akiwa amesimama pale langoni, na hakufa."

Njuguna alitazama saa yake. Alitazama picha ya harusi ya Abby ukutani akaisifu. Mwishowe akasema neno hilo ni zito, linahitaji umati, na kwamba atalisema Jumamosi jukwaani ili akina mama wote wasikie kwa pamoja. Hapa sebuleni litapotea bure. Akaondoka na magari yake mawili, akaacha birika.

"Ameshindwa kulisema mbele yetu tukiwa tunakunywa chai," Jamleck alisema. "Atalisema mbele ya umati?"

"Labda," akasema Mama Abby. Na nadhani kweli alitumaini, kwa sababu Ijumaa aliifua ile kofia ya chama aliyopewa amvishe Njuguna, ingawa ilikuwa mpya, ili iondoke harufu ya plastiki.

Mkutano ulifanyika uwanjani karibu na soko. Truphosa alileta viti vya plastiki na spika kubwa kutoka mjini. Akina mama wa viazi waliwekwa mbele kabisa, safu nzima, kwa sababu kamera zilihitaji kuwaona. Mugure alikuwa hapo. Wamuyu, aliyeangukiwa na ubao mguuni siku ile ya tingatinga na mpaka leo anachechemea, alikuwa hapo. Mama Abby alisimama jukwaani na kofia mkononi.

Njuguna akashika kipaza sauti. Alizungumza juu ya utoto wake. Alizungumza juu ya baba yake, aliyekuwa mtu wa watu. Alimwita Kang'ethe ndugu, rafiki, na nabii. Aliwalaani Ngazi kwa mambo ambayo sote tunajua aliyafanya yeye akiwa Ngazi. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya huzuni, na akina mama wakasogea mbele vitini.

"Najua," akasema, "kwamba lile banda la akina mama lilipata changamoto."

Changamoto. Mtu anapanga kukubomolea, anaegesha gari kutazama, halafu miaka baadaye anakuambia banda lako lilipata changamoto, kana kwamba lilikuwa na mafua.

Mama Abby alisubiri. Labda alikuwa anakaribia, labda neno lilikuwa nyuma ya hilo. Njuguna akaendelea na habari ya barabara ya lami. Akamaliza, akapigiwa makofi na vijana waliokuja kwenye lori, akageuka akainamisha kichwa ili avishwe kofia. Aliinama vizuri, akitazama kamera kwa jicho moja.

Mama Abby alitembea hadi kwa Truphosa, akampa ile kofia mkononi. "Mvishe wewe," akasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, tukaisikia sote. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu, akaelekea barabarani. Hakugeuka. Mugure akainuka. Kisha Wamuyu na mguu wake. Kisha safu yote ya mbele, bila kelele, wakichukua mikoba yao kama watu wanaotoka ibadani.

Hapo Njuguna, kwa akili aliyopewa na Mungu, akakishika tena kipaza sauti. "Wacheni waende," akasema akicheka. "Akina mama wameenda kutuchemshia chai!"

Wale vijana wa lori wakacheka. Mimi nilimtazama Kang'ethe. Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Alikuwa na nafasi ya kusema kitu, hata neno dogo, hata kukohoa. Alitazama viatu vyake. Truphosa akamvisha Njuguna kofia, na kwa kuwa kichwa cha Njuguna ni kikubwa, ilikaa juu juu kama kifuniko cha sufuria ndogo kwenye sufuria kubwa. Picha hiyo ilisambazwa na chama kwenye mitandao na maneno kwamba Molo inachemka. Nyuma yake unaona viti vitupu.

Nyumbani, Mama Abby alikamua ng'ombe kwa nguvu mpaka ng'ombe akapiga ndoo teke. Jamleck alimchukua taratibu akamwondoa kwenye kigoda, akakaa yeye.

"Njuguna sikumtarajia mengi," Mama Abby akamwambia. "Ni Kang'ethe. Mtu niliyemtembezea. Alinyamaza."

Siku za kampeni zilizobaki hakuzunguka. Hakumpiga Kang'ethe vita pia. Akina mama walipomuuliza wafanye nini, aliwaambia kila mtu ana kichwa chake. Siku ya kura alivaa koti zito, akapanga foleni kwenye ukungu, akampigia Kang'ethe, kwa sababu alisema barazani kwa mtu huyu ndiko viazi vyake vilikopata mahali pakavu, na jambo hilo lilikuwa kweli kabla ya Njuguna na litabaki kweli baada yake. Lakini wengi hawakuja. Ilikuwa msimu wa kuvuna, na safari hii hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia viazi vitasubiri. Wamuyu aliniambia wazi kwamba mguu wake haungeweza kumbeba mpaka kituoni kumpigia kura rafiki wa Njuguna.

Levis wa Ngazi alishinda, na safari hii haikuwa kwa kura chache. Na wale watu wa Njuguna? Kwenye kituo cha kijijini kwake, mahali ambapo kila mti una picha yake, Birika ilipata kura za kuhesabu kwa vidole, pengine za mke wake na wapishi. Wengine wote walimpigia Levis. Walikuwa watu wa Ngazi jana, na leo bado ni watu wa Ngazi, kama Mama Abby alivyosema kwenye kile chumba cha magunia. Siku Levis alipochinja ng'ombe kusherehekea, mgeni wa kwanza kufika alikuwa Njuguna. Alimkumbatia mbele ya kamera, akamwita kijana wangu, na kofia ya Ngazi aliyovaa ilimtosha vizuri sana.

Ofisi ya Nakuru iliandika kwamba chama kilishindwa Molo kwa sababu ya usaliti wa baadhi ya viongozi wa akina mama. Ndivyo ilivyoandikwa. Aliyehama ni shujaa wa umoja, aliyebaki ni msaliti. Mama Abby aliposomewa hilo na Abby kwenye simu, alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka ghafla, akatoka nje kupalilia ingawa jua lilikuwa kali.

Kang'ethe alikaa wiki nyingi bila kuja. Akina mama waliendelea kuuzia kwenye baraza lake, naye alikuwa akiwasalimia na kurudi ndani haraka. Kisha siku moja alasiri akaja kwa miguu, peke yake, amekonda kidogo. Mama Abby alimkaribisha, akamtilia chai. Walizungumza kwanza juu ya baridi, juu ya ugonjwa ulioingia kwenye viazi vya upande wa Elburgon. Halafu Kang'ethe akasema:

"Nilinyamaza pale jukwaani, Mama Abby. Nilisikia alichosema, na nilinyamaza. Nilidhani nikimgusa ataondoka na watu wake."

"Mm."

"Nilidhani nimempata yeye na watu wake."

"Ulimpata yeye," akasema Mama Abby.

Kang'ethe alikubali kwa kichwa. Alikunywa chai yake yote, akakataa ya pili, kisha akabadilisha nia akaikubali. Alipoinuka kwenda, alisimama mlangoni akauliza kama anaweza kumtegemea tena, siku zikifika, maana hakuwa na mpango wa kuacha kugombea.

"Kwanza uniambie ni nani mwingine uliyemwalika," akasema Mama Abby.

Kang'ethe alicheka. Mama Abby hakucheka, akamsindikiza hadi langoni, akamwambia asalimie watu wa nyumbani.